Kufuli tatu za Ruthwell: Historia ya benki ya akiba ya kijiji na nyumba yake

KATIKA kijiji cha Ruthwell, kusini magharibi mwa Scotland, ipo nyumba ndogo ambayo mpita njia asiyejua historia yake angeidhania kuwa makao ya mkulima wa kawaida. Haina nguzo za mawe wala milango mizito ya shaba ambayo watu wamezoea kuiona katika majengo ya benki kongwe.

Hata hivyo, ndani ya nyumba hiyo ndimo ilimoanzishwa, mwaka 1810, benki ambayo mfano wake ulienea Uingereza nzima na kuvuka bahari hadi Marekani na nchi nyingine nyingi. Ilikuwa benki ya watumishi wa nyumbani, vibarua wa mashambani na mafundi wa kijiji, watu ambao benki kubwa za wakati huo hazikuwa na haja nao.

Historia ya benki hiyo inamhusu pia msomaji wa Kenya. Benki ya Posta, vyama vya akiba na mikopo, na hata sanduku la chama cha akina mama kijijini, vyote vina maswali yale yale yaliyoulizwa Ruthwell zaidi ya miaka 200 iliyopita: Mtu mwenye kipato kidogo aweke wapi akiba yake? Nani ashike ufunguo? Na akiba hiyo ikipotea, nani atawajibika?

Kijiji na kasisi wake

Ruthwell iko katika eneo la Dumfriesshire, karibu na hori ya bahari iitwayo Solway inayotenganisha Scotland na Uingereza yenyewe. Mji mkubwa ulio karibu ni Dumfries, umbali wa kilomita 15 hivi. Mwanzoni mwa karne ya 19, parokia hiyo ilikuwa na wakazi wapatao elfu moja, wengi wao wakiwa maskini walioishi kwa kulima na kufanya vibarua.

Mwaka 1799 walipata kasisi mpya, Henry Duncan, kijana aliyekaribia miaka 25. Alizaliwa mwaka 1774 katika parokia ya Lochrutton, ambako baba yake pia alikuwa kasisi wa Kanisa la Scotland, kanisa ambalo wamishonari wake ndio walioweka msingi wa PCEA nchini Kenya.

Duncan hakuanza maisha yake kanisani. Baada ya kusoma kwa muda katika Chuo Kikuu cha St Andrews, alipelekwa Liverpool akiwa bado kijana mdogo, akafanya kazi kwa miaka mitatu katika benki ya familia ya Heywood. Aliiacha kazi hiyo na kurejea Scotland kusomea ukasisi. Lakini hesabu za benki hazikumtoka akilini.

Hali aliyoikuta Ruthwell haikuwa nzuri. Vita kati ya Uingereza na Ufaransa vilikuwa vimepandisha bei ya chakula, na mavuno mabaya yaliongeza dhiki. Duncan aliwatumia ndugu zake waliokuwa wakifanya biashara Liverpool kununua nafaka, kisha akawauzia waumini wake kwa bei waliyoimudu.

Aidha, aliamini kwamba msaada wa bure, ukigeuka kuwa desturi, humwondolea mtu heshima yake. Wakati huo kulikuwa na mjadala mkali kama Scotland iige mfumo wa Uingereza wa kuwatoza wenye mali kodi maalumu ya kuwalisha maskini. Duncan aliupinga. Alitaka maskini wapewe njia ya kujiwekea wenyewe.

Nyumba ya chama

Kabla ya benki kulikuwa na chama. Katika Ruthwell, kama ilivyokuwa katika sehemu nyingi za Uingereza na Scotland, palikuwapo chama cha kusaidiana ambacho wanachama wake walichanga fedha kidogo kidogo ili wasaidiwe wakati wa ugonjwa, uzee au mazishi. Msomaji anayevijua vyama vya mazishi vya mitaani na vijijini Kenya hatahitaji maelezo zaidi.

Chama cha Ruthwell kilikuwa kimezorota Duncan alipofika. Alikifufua, na chama kikawa na nyumba yake ya mikutano. Nyumba hiyo ndiyo iliyokuja kuwa benki.

Jambo hili halifai kupuuzwa, kwa sababu ndilo linaloeleza jinsi benki ya watu wasio na kitu ilivyoweza kusimama. Benki haikujenga wala kukodi jengo. Haikuajiri mameneja. Ilianza chini ya paa ambalo wanakijiji walikuwa wamekwisha kulizoea, mikononi mwa watu waliokuwa wakijuana tangu utotoni, na kasisi mwenyewe aliisimamia bila malipo.

Wazo lenyewe halikuzuka kichwani mwa Duncan kama ndoto. Alikuwa amesoma mapendekezo ya John Bone, mwandishi wa London aliyeeleza mpango wa benki ya watu wa chini. Isitoshe, majaribio mengine yalikuwa yamekwisha kufanywa: mji wa Hamburg nchini Ujerumani ulikuwa na taasisi ya kuweka akiba tangu mwaka 1778, na huko Tottenham, karibu na London, mama mmoja kwa jina Priscilla Wakefield alikuwa ameanzisha mpango wa akiba kwa wanawake na watoto.

Tofauti ni kwamba mipango kama ule wa Tottenham ilitegemea ukarimu wa matajiri, waliojazia riba kutoka mifukoni mwao. Benki ya Ruthwell ilikusudiwa kujitegemea kutokana na hesabu zake yenyewe. Ndiyo maana wanahistoria wengi humwita Duncan baba wa benki za akiba, ingawa hakuwa wa kwanza kuwaza jambo hilo.

Nusu shilingi yatosha

Ili kuelewa jinsi hesabu hizo zilivyofanya kazi, ni muhimu kukumbuka fedha za wakati huo. Pauni moja ilikuwa na shilingi 20, na shilingi moja ilikuwa na peni 12. Wakenya wenye umri mkubwa wataikumbuka pauni hiyo ya shilingi 20, kwa kuwa bajeti ya serikali yetu iliendelea kusomwa kwa pauni kwa miaka mingi baada ya Uhuru.

Benki za kawaida nchini Scotland hazikupokea amana iliyopungua pauni 10. Kwa kibarua wa shambani, hicho kilikuwa kiasi ambacho angeweza kumaliza miaka mingi bila kukishika mkononi kwa wakati mmoja. Benki ya Ruthwell iliwafungulia hesabu watu waliokuja na peni sita tu, yaani nusu shilingi.

Peni hizo zilipokusanyika, Duncan alizipeleka Dumfries katika tawi la kampuni ya British Linen, iliyokuwa benki kubwa licha ya jina lake la biashara ya kitani. Kampuni hiyo ililipa riba ya asilimia 5. Benki ya Ruthwell nayo iliwalipa wateja wake asilimia 4, ikabaki na asilimia 1.

Asilimia hiyo moja ndiyo iliyobeba mzigo wote: gharama ndogo za uendeshaji, msaada kwa wenye shida, na nyongeza kwa wale waliodumu kuweka akiba kwa muda mrefu na waliohitaji fedha zao kwa jambo zito kama vile ndoa au uzee.

Mwishoni mwa mwaka wa kwanza, amana zilikuwa pauni 151. Mwaka wa pili zilifika pauni 176, wa tatu pauni 241, na mwaka wa nne zikaruka hadi pauni 922. Asilimia 1 ya pauni 922 ni pauni tisa na shilingi chache tu. Hakuna karani ambaye angelipwa mshahara wa mwaka kwa kiasi hicho. Benki ilisimama kwa sababu nyumba ilikuwa ya chama na kazi ilikuwa ya kujitolea.

Sheria zake hazikuwa legevu. Mtu aliyeshindwa kuweka angalau shilingi nne kwa mwaka alitozwa faini ya shilingi moja. Aidha, katika siku za mwanzo, aliyetaka kufungua hesabu alichunguzwa umri wake, hali ya familia yake na mwenendo wake. Leo masharti hayo yangeonekana kuwa ni kuingilia maisha ya watu, na hata wakati huo wapo walioyanung'unikia. Benki zilizofuata ziliyaacha mengi kati yake.

Kasha na funguo zake

Kitu kinachosimulia mengi zaidi kuhusu benki hiyo ni kasha lake la fedha. Kasha hilo lilikuwa na kufuli tatu, na kila ufunguo ulikaa kwa mtu wake. Halikuweza kufunguliwa mpaka washika funguo wote watatu wawe wamekutana.

Kwa maneno mengine, hata kasisi aliyeaminiwa na parokia nzima hakuweza kuzigusa fedha akiwa peke yake. Huenda huo ulikuwa uamuzi wa busara kuliko mwingine wowote uliofanyika katika nyumba ile. Duncan alikuwa amefanya kazi benki na alijua kwamba uaminifu wa mtu mmoja, hata ukiwa mkubwa namna gani, si mfumo. Wahenga wetu walilisema jambo hilo kwa njia yao: mali bila daftari huisha bila habari.

Wazo laenea

Duncan hakuliacha wazo lake kijijini. Mwaka 1809 alikuwa amesaidia kuanzisha gazeti la Dumfries and Galloway Courier, na alilitumia kueneza habari za benki za parokia. Mwaka 1815 alichapisha kitabu kidogo kilichoeleza namna ya kuzianzisha na faida zake. Barua za maswali zilimjia kutoka pande nyingi, naye alizijibu.

Mji wa Edinburgh ulifungua benki yake ya akiba iliyorahisisha masharti ya Ruthwell, na mfumo wake ukapendwa zaidi katika miji mikubwa. Mwaka 1816 mawimbi yalifika Marekani, ambako benki za akiba zilianzishwa Boston na Philadelphia. Kufikia mwaka 1818 kulikuwa na zaidi ya benki 400 za aina hiyo nchini Uingereza, Scotland, Wales na Ireland.

Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya benki hizo mwaka 1817, kutokana na juhudi za mbunge George Rose. Sheria hiyo ilizihusu Uingereza na Ireland. Iliwakataza wadhamini wa benki kujinufaisha nazo, na ikaagiza fedha zipelekwe kwa makamishna wa deni la taifa, ambao walilipa riba iliyozidi kidogo asilimia 4 na nusu. Duncan alisafiri hadi London kuitetea sheria ya Scotland, iliyopitishwa mwaka 1819.

Si kila mtu aliyefurahia. Mwandishi William Cobbett, mtetezi mashuhuri wa wafanyakazi, aliziona benki hizo kuwa hila ya kuwafunga maskini katika deni la serikali, na akahoji ni akiba gani itatoka kwa mtu ambaye mshahara wake haumtoshi kula. Hoja yake haikuwa ya kijinga. Benki ya akiba humsaidia mwenye kidogo akitunze. Haimpi kitu asiye na kitu kabisa, wala haiongezi ujira wa mtu.

Ufunguo ulipobaki kwa mtu mmoja

Kadiri benki zilivyoongezeka ndivyo zilivyoondoka katika vijiji ambamo watu walijuana, na ndivyo tahadhari ya kufuli tatu ilivyosahaulika. Katika baadhi ya miji wadhamini walibaki kuwa majina ya heshima kwenye karatasi, huku mtu mmoja akipokea fedha, akiandika vitabu na kujikagua mwenyewe. Sheria ya mwaka 1844 ilizidisha hatari hiyo kwa kuwapunguzia wadhamini dhima ya hasara.

Matokeo yake yalionekana mwaka 1848, benki za akiba zilipoanguka Tralee, Killarney na Dublin nchini Ireland. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Rochdale, mji wa viwanda vya nguo kaskazini mwa Uingereza.

Mwangalizi wa benki ya Rochdale, George Haworth, alikuwa mtu aliyeheshimiwa mjini. Alipofariki mwishoni mwa mwaka 1849, iligunduliwa kwamba zaidi ya pauni 71,000 za wateja hazikuwapo. Alikuwa akizipokea fedha na kuzielekeza katika biashara zake badala ya kuzipeleka serikalini. Makamishna walisema hawawezi kuwajibika kwa fedha ambazo hazikuwafikia.

Kwa wafanyakazi wa viwandani waliojinyima kwa miaka mingi, hilo lilikuwa pigo lisiloelezeka. Lakini mji huo huo ulikuwa na taasisi nyingine changa, duka la ushirika lililofunguliwa mwaka 1844 na wanachama 28. Vitabu vyake vilikuwa wazi kwa kila mwanachama, na kila mmoja alikuwa na kura moja. Idadi ya wanachama wake, iliyokuwa 140 mwaka 1848, ilifika 600 mwaka 1850. Wengi walikuwa wamehamisha imani yao kutoka benki hadi ushirika.

Kanuni za duka hilo la Rochdale ndizo zilizokuja kuwa msingi wa vyama vya ushirika duniani, vikiwemo vyama vya kahawa, maziwa na vya akiba na mikopo nchini Kenya. Benki ya Ushirika ya Kenya, iliyoanza kazi mwaka 1968, ni tunda la ukoo huo.

Kutoka kanisani hadi posta

Kashfa za wakati huo zilizaa suluhisho la pili. Iwapo watu hawawezi kuwaamini wadhamini wa mitaani, basi serikali yenyewe ishike fedha zao na kuzidhamini. Mwaka 1861, William Gladstone akiwa waziri wa fedha, Uingereza ilianzisha benki ya akiba ya posta. Ofisi za posta zilikuwa zimekwisha kuenea kila mahali. Kwa hiyo, kama ilivyokuwa Ruthwell, benki ilipewa paa lililokuwapo tayari.

Mfumo huo ndio ulioletwa katika himaya ya Waingereza, na ndio uliofika kwetu. Benki ya Posta ya Kenya ilianzishwa mwaka 1910, miaka 100 kamili baada ya benki ya Ruthwell.

Benki ya biashara ilikuwa imetangulia. National Bank of India ilifungua tawi Mombasa mwaka 1896, na Standard Bank of South Africa ikafuata mwaka 1911. Lakini hizo zililenga wafanyabiashara, walowezi na serikali ya kikoloni. Mwafrika aliyekuwa karani, mwalimu au mfanyakazi wa reli alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kukutana na kitabu cha akiba cha posta kuliko hundi ya benki.

Hadi mwaka 1977 huduma hiyo iliendeshwa chini ya shirika la posta la Afrika Mashariki. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, Kenya ilitunga sheria mpya mwaka 1978 iliyoifanya Benki ya Posta kuwa taasisi ya kitaifa inayojitegemea, ambayo kazi yake kuu ni kukusanya akiba.

Kasha larudi kijijini

Ajabu ni kwamba, wakati mabenki yalipokuwa yakijenga minara ya vioo, kasha la kufuli tatu lilirudi upya, na safari hii barani Afrika.

Mwaka 1991, shirika la misaada la CARE lilianza kufanya kazi na vikundi vya wanawake katika eneo la Maradi nchini Niger. Wanawake hao walichanga kila juma, wakakopeshana, na mwisho wa mzunguko wakagawana akiba pamoja na faida. Mfumo huo uliboreshwa na kusambazwa katika nchi nyingi, Kenya ikiwa mojawapo.

Chombo chake kikuu ni sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Wanachama watatu hushika funguo, na mwingine hukaa na sanduku lenyewe. Halifunguliwi ila mbele ya wanachama wote katika mkutano, na fedha huhesabiwa kwa sauti. Mwanamke asiyejua kusoma anaweza kuukumbuka mwisho wa hesabu ya juma lililopita, kwa sababu aliusikia ukitajwa.

Hatudai kwamba wanawake wa Maradi walijifunza kutoka Ruthwell. Ukweli huenda ni wa kuvutia zaidi: watu wenye shida ile ile, katika mabara mawili na karne mbili tofauti, walifikia jibu lile lile. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba chenyewe sharti kiwe na mfuniko.

Kenya imejifunza somo hilo kwa uchungu. Katika miaka ya 2006 na 2007 maelfu ya wananchi walipoteza akiba zao katika miradi ya piramidi iliyoahidi faida zisizowezekana. Mwaka 2015 Benki Kuu iliiweka Imperial Bank chini ya mrasimu, na mwaka 2016 ikafanya hivyo kwa Chase Bank. Picha za wateja waliokusanyika nje ya milango iliyofungwa hazikutofautiana sana na habari za Rochdale mwaka 1849.

Yapo yaliyorekebishwa. Vyama vya akiba na mikopo vinavyopokea amana viliwekwa chini ya mamlaka maalumu ya usimamizi kwa sheria ya mwaka 2008. Bima ya amana za benki, ambayo kwa miaka mingi ilikomea Sh100,000 kwa kila mteja, iliongezwa hadi Sh500,000 mwaka 2020. Na tangu huduma ya M-Pesa ilipozinduliwa mwaka 2007, mwenye shilingi chache hahitaji tena kutafuta jengo la benki ili aziweke mahali salama.

Lakini simu nayo ni kasha, na namba ya siri ni ufunguo mmoja. Matapeli wanaopiga simu wakijifanya wafanyakazi wa kampuni wanaijua siri hiyo kuliko wateja wengi.

Mwisho wa Duncan, mwisho wa nyumba

Henry Duncan hakuishia kwenye benki. Mwaka 1823 aliusimamisha upya msalaba wa mawe wa Ruthwell, sanaa ya karne ya nane yenye urefu wa zaidi ya mita tano, ambao ulikuwa umevunjwa mwaka 1642 kwa amri ya kanisa lililoziona sanamu zake kuwa ibada ya masanamu. Aliviokota vipande vyake kimoja kimoja. Msalaba huo ulihamishiwa ndani ya kanisa la kijiji mwaka 1887.

Mwaka 1828 aliwasilisha mbele ya chama cha wanasayansi cha Edinburgh maelezo ya nyayo za wanyama wa kale zilizohifadhiwa katika mawe ya machimbo ya Corncockle. Yalikuwa miongoni mwa maelezo ya kwanza kabisa ya kisayansi kuhusu nyayo za aina hiyo. Mwaka 1839 alichaguliwa kuwa msimamizi wa Baraza Kuu la Kanisa la Scotland.

Miaka minne baadaye kanisa hilo lilipasuka kuhusu haki ya waumini kukataa kasisi waliyewekewa na mwenye ardhi. Duncan, akiwa na karibu miaka 70, alijitoa pamoja na mamia ya makasisi wengine. Uamuzi huo ulimgharimu kanisa, mshahara na nyumba aliyoishi kwa zaidi ya miaka 40. Alifariki mwaka 1846.

Benki alizoziasisi ziliendelea. Benki za akiba za wadhamini ziliunganishwa hatua kwa hatua katika karne ya 20, zikawa TSB, ambayo hisa zake ziliuzwa kwa umma mwaka 1986. Mwaka 1995 TSB iliungana na Lloyds. Mwaka 2013 jina hilo lilifufuliwa kama benki ya pekee, mwaka 2015 ikanunuliwa na Sabadell ya Uhispania, na mwaka 2025 Sabadell ikakubali kuiuza kwa Santander, benki nyingine ya Uhispania.

Wapo waliouliza, hisa zilipouzwa mwaka 1986, ni nani hasa aliyekuwa mwenye mali. Benki hizo hazikuwa na wenye hisa. Zilijengwa kwa peni za watumishi na kwa kazi ya bure ya watu kama Duncan. Mahakama ya juu ya Uingereza iliamua kwamba wateja hawakuwa na haki juu ya ziada iliyokusanyika. Hivyo, kitu kilichoanza katika nyumba ya chama kiliishia katika soko la hisa.

Nyumba yenyewe ilipata bahati njema zaidi. Ilihifadhiwa ikawa Makumbusho ya Benki za Akiba, na ndani yake kukawekwa kasha la kufuli tatu pamoja na visanduku vya akiba na fedha kutoka nchi mbalimbali.

Hapa kwetu pia yapo majengo ya benki yaliyogeuzwa kuwa kumbukumbu. Jengo la Hifadhi ya Kitaifa ya Nyaraka jijini Nairobi lilikuwa benki kabla ya kuwa ghala la historia yetu. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inaruhusu majengo ya aina hiyo kuorodheshwa na kulindwa. Lakini vyumba vidogo vya posta na vya ushirika katika miji yetu midogo, ambako Wakenya wengi walishika kitabu cha akiba kwa mara ya kwanza, havina minara ya kuvutia macho, na ni rahisi kuvibomoa bila mtu kuuliza.

Nyumba ya Ruthwell inaonyesha kwamba thamani ya jengo la benki haipimwi kwa urefu wa nguzo zake. Hupimwa kwa kile ambacho watu waliuthubutu kukiacha ndani yake walipotoka na kwenda zao kulala, na kwa idadi ya funguo zilizohitajika kukifikia.